Jasho la Ukuta

Katika mtaa ule hakukuwa na nyumba yenye maji ukutani. Kulikuwa na nyumba zinazotoka jasho. Ungeingia karibu chumba chochote upande wa kulia wa barabara, ukakuta lipu imevimba kuanzia sakafuni hadi magotini, rangi imejikunja na kudondosha unga mweupe wenye ladha ya chumvi, ukamwuliza mwenye nyumba kulikoni, naye angekujibu bila kupepesa jicho: "Jasho tu hilo. Joto likizidi, ukuta hutoka jasho." Wapangaji waliambiwa hivyo, madalali waliambiwa hivyo, na mzee mmoja wa nyumba ya mwisho, aliyebandika vigae hadi mabegani na kuviona vikibanduka kimoja baada ya kingine, alijiambia mwenyewe hivyo. Hawakuitisha kikao kulipitisha neno. Jasho unalifuta kwa kitambaa na kuendelea na shughuli zako, ilhali maji yanataka kuulizwa yametoka wapi.

Neno lenyewe lilizaliwa katika nyumba ya tatu kutoka kona. Aliyelizaa alikuwa mwenye nyumba hiyo, fundi cherehani, mtu wa utani mwingi, marehemu sasa. Siku alipomkuta mkewe ameshika tama mbele ya ukuta uliolowa, alisema, "Nyumba hii nimeijenga kwa jasho, mama. Unashangaa nini ikitoka jasho?" Mkewe akacheka, jirani akasikia, na kabla ya mwezi kwisha mtaa mzima ulikuwa unatoka jasho. Mtu mmoja tu hakucheka kwa moyo siku ile, ingawa alikuwepo na alionyesha meno kama wengine. Huyo alikuwa kaka wa mke, Fundi Lipu, na ndiye aliyeijenga nyumba.

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Watu walimwita Fundi Lipu kwa sababu mafundi wenzake walikuja kuitazama lipu yake, na yeye, tuseme ukweli, alipenda itazamwe. Alikuwa na miaka sitini na sita, mgongo umeanza kumgomea, lakini mkono ulikuwa bado mwepesi. Akimaliza ukuta alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasema, "Haya, aje mwenye macho." Sifa hiyo ndiyo akiba pekee aliyojiwekea maishani, na aliilinda kama mtu anavyolinda yai mfukoni.

Jumatatu asubuhi dada yake alimpigia simu.

"Kaka, nimepata mteja. Si dalali, ni mnunuzi mwenyewe. Anakuja Jumatano. Njoo na mwiko."

"Mdogo wangu, lipu haikauki kwa siku mbili."

"Yako inakauka. Ukuta ukikuona wewe unaogopa."

Alikwenda. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu tangu mpangaji wa mwisho, fundi wa simu, alipohama baada ya kukuta maboksi yake yameota ukungu. Lilibaki dirisha moja la nondo, misumari miwili kilipokuwa kimening'inia kioo, swichi yenye ufa, na harufu ya gunia lililoloa. Dada yake alisimama mlangoni akikohoa katika kitambaa. Kikohozi hicho kilikuwa na mwaka wa tatu. Daktari alikuwa amemsikiliza kifua, akamwuliza analala wapi, kisha akamwambia dawa atampa, ila dawa haitafika mbali kama hatahama.

Pa kuhamia palikuwepo. Binti yake aliyeolewa mji mwingine alikuwa amemtengea chumba chenye dirisha la upande wa jua, na kulikuwa na mjukuu wa miaka minne aliyekuwa akimwuliza kwenye simu, kila jioni, kama ameshafunga mizigo. Lakini mama huyo alikuwa na shingo ngumu kwa mambo ya heshima. "Siendi kwa mkwe mikono mitupu nikawe mdomo wa ziada mezani," alisema. "Nyumba ikiuzwa, nitakwenda. Isipouzwa, nitakohoa hapahapa." Na mume wake hakumwachia kitu kingine ila nyumba hiyo na cherehani mbili zilizokufa mipira.

Nyuma ya mlango wa chumba kile, kwenye mbao ya fremu, kulikuwa na alama tatu za penseli ambazo fundi alikuwa amezichora mwenyewe, kila mara alipoitwa kuja kufunika unyevu. Ya kwanza ilikuwa kwenye kifundo cha mguu. Ya pili, katikati ya ugoko. Ya tatu, chini ya goti. Siku ile alichuchumaa akachora ya nne, na ilikuwa juu ya goti. Kila alipoziba ukuta kwa saruji kali na rangi ya mafuta, unyevu ulikosa pa kutokea chini, ukapanda kutafuta mlango mwingine. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Kwa hiyo alikuwa akilipwa shukrani na chai kwa kazi ya kuipandisha aibu yake mwenyewe, kidogo kidogo, hadi itakapomfika shingoni.

Alibandua, akachanganya, akapiga lipu. Saa kumi jioni aliweka pimamaji yake juu ya ukuta mbichi. Kifaa kile, licha ya jina lake, hakijui lolote kuhusu maji. Kinajua tu kama kitu kimenyooka. Kilisema ukuta umenyooka. Fundi alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, kisha akainama kuokota ndoo.

"Vipi, aje mwenye macho?" dada yake alimchokoza.

"Aje," alijibu fundi, akaanza kuosha mwiko.

Mwenye macho alikuja Jumatano, saa nne kamili. Alikuwa mkunga wa hospitali ya wilaya, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na mkoba mkubwa. Alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu. Mpango wake aliueleza akiwa bado mlangoni: akae chumba cha nyuma, vya mbele apangishe wanafunzi wa uuguzi, na kodi yao imtunze uzeeni. "Sina mume wala mtoto," alisema kwa sauti ya mtu anayetaja saa. "Nimezalisha wake za watu tu. Kwa hiyo nyumba nitakayonunua ndiyo mume, ndiyo watoto. Mtaniwia radhi nikiikagua kama bwana harusi."

Dada alicheka. Fundi, aliyekuwa ameinama akipaka rangi kwenye kizingiti, hakucheka. Wanawake wawili, aliwaza, na uzee wao wote umeegemea ukuta mmoja.

Mkunga hakuutazama sana ukuta. Aliweka mkoba chini, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya lipu mpya kuanzia usawa wa bega akishuka pole pole. Alipofika kwenye nyonga, mkono ulisimama. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Miaka thelathini na mbili nimeshika nisivyoviona," alisema bila kufumbua macho. "Hapa juu ni vuguvugu. Hapa chini ni baridi. Na lipu hii ni ya juzi."

"Nyumba hupambwa kabla ya mgeni," alisema dada. "Kulikuwa na jasho kidogo."

"Jasho la nani?"

"La ukuta."

"Aa." Mkunga alifumbua macho. "Na ukuta wa jirani, huyu wa kushoto, mbona hautoki jasho? Nimepita pale kwanza nikaomba maji ya kunywa, nikaushika. Mkavu kama biskuti."

"Labda huu wetu una bidii zaidi," alisema dada, na wanawake wote wawili wakaangua kicheko. Fundi alizidi kuinamia kizingiti. Nyumba ya kushoto aliijenga yeye huyohuyo, mwaka mmoja baada ya hii.

Mkunga alipomaliza kucheka alisema neno la maana. Katika nyumba za watumishi walizokaa zamani, alisema, kulikuwa na ubishi huuhuu, wengine wakisema jasho, wengine maji, hadi akaja mhandisi mmoja kijana akaumaliza. Alitandika kipande cha nailoni nzito sakafuni, akakiziba kingo zote kwa selotepu, akakiacha siku mbili. "Matone yakikaa juu ya nailoni, ni hewa, ni jasho kweli, unafungua madirisha yanaisha. Yakikaa chini yake, maji yanapanda kutoka ardhini. Nailoni haina mjomba wala shangazi, inasema inachokiona. Mkiniruhusu, nikanunue kipande nirudi nacho mchana."

Fundi alinyanyua kichwa amwonye dada yake kwa macho. Alichelewa.

"Ukanunue ya nini?" alisema dada, uso umemng'aa. "Nailoni ninayo! Tena nzito, siku hizi hawauzi kama ile. Tupime, tumalize ubishi." Akaondoka kwenda chumba chake cha nyuma, na mfuniko wa sanduku la bati ukasikika ukilia.

Alikuwa na imani. Hilo ndilo lililomchoma fundi. Alikuwa akilisikia neno jasho kinywani mwa dada yake kwa miaka tisa akidhani wanalitamka pamoja kwa kukonyezana, kumbe yeye hakukonyeza hata siku moja. Mume wake alimwambia ni jasho, akaamini ni jasho.

Alirudi amekumbatia furushi lililokunjwa vizuri, la rangi ya maziwa, limefungwa kwa utepe. Alipolikunjua, fundi aliona matundu manne, kila moja la ukubwa wa yai, na pembeni alama ya kuungua yenye umbo la sikio. Aliweka brashi chini. Alizijua alama hizo zote. Hakujua kwamba kuna mtu aliyezihifadhi.

"Hii ni ya harusi yangu," dada alimwambia mkunga, akiipapasa. "Mvua ilitukuta katikati ya chakula, watu mia moja. Bwana harusi na kaka yangu huyu walikimbia na suti zao wakaja na nailoni hii, wakaitundika kwenye nguzo nne, tukala tukacheza chini yake, mvua inapiga ngoma juu. Kuna mke ameolewa chini ya turubai la kukodi, mimi niliolewa chini ya hii. Kata kipande hapo kwenye ncha, palipo pazima."

Sasa msomaji ajue ambacho bibi harusi hakuambiwa. Nailoni ile haikununuliwa kwa ajili ya mvua. Fundi cherehani aliinunua kwa ajili ya msingi wa nyumba, itandikwe juu ya safu ya mwisho ya matofali ya msingi na chini ya sakafu yote, kabla ukuta haujaanza kupanda, ili unyevu wa ardhini usipate njia. Ilikuwa imewekwa bandani ikisubiri. Baada ya harusi ilikuwa na matundu ya nguzo na alama ya kaa la jikoni, na harusi ilikuwa imewakausha mifuko. Jumatatu iliyofuata, Fundi Lipu, kijana wa miaka thelathini na tano aliyejiona anajua kila kitu, alisimama ndani ya mtaro wa msingi ulioishia kifuani, akaipiga ardhi teke, na vumbi likapanda. "Shemeji," alisema, "vumbi hili unalikinga na nini? Hapa ukitaka maji utayaleta kwa ndoo." Shemeji yake alisita. Kisha alisema maneno matatu: "Wewe ndiye fundi." Wakajenga. Mwaka uliofuata jirani wa kushoto alileta nailoni yake mwenyewe, na fundi aliitandika bila ubishi.

Vumbi halikuwa uongo. Nyuma ya mtaa ule kulikuwa na kiwanda cha barafu, na kiwanda kilikuwa na visima virefu vilivyovuta maji mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Watu walinunua viwanja, wakajenga, wakapangisha, wakasifu ukavu wa ardhi, na hakuna aliyejua kwamba ukavu ule ulikuwa wa kuazima. Miaka kumi iliyopita kiwanda kilifungwa. Mlinzi wa pampu alimsimulia Fundi Lipu kinyozini, shuka nyeupe shingoni: siku walipozima pampu ya mwisho, maji ndani ya kisima yalikuwa mbali kiasi kwamba jiwe lilichelewa kutoa sauti. Mwaka ulipokwisha, alisema, unainama tu unajiona uso. Maji yalikuwa yamerudi kwao. Fundi alitoka kinyozini amenyolewa upande mmoja vizuri na mwingine vibaya, maana hakukaa kutulia.

Hakumwambia mtu. Alisubiri shemeji yake aseme, na shemeji alikuwa na kila haki ya kusema. Badala yake, siku ukuta ulipolowa, mtu yule alimtazama mke wake, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amesimama pale rangi imemtoka usoni, kisha akatoa utani wa jasho. Alimkinga kwa neno moja. Akaendelea kumkinga miaka mitano, hadi siku ya kufa kwake, na fundi akaendelea kukaa chini ya neno hilo kwa raha zake.

Mkunga alikata kipande cha ukubwa wa mto, akakibandika katikati ya sakafu, akaziba kingo kwa selotepu kwa mikono ya mtu aliyezoea kufunga vidonda. "Ijumaa saa nne," alisema. Fundi alibaki akikitazama. Ilikuwa imechukua miaka thelathini na moja, lakini nailoni ilikuwa imefika mahali pake.

Ijumaa fundi alifika saa moja asubuhi. Ufunguo wa chumba cha mbele alikuwa nao kwa kuwa rangi ilibaki kidogo, na mfukoni alikuwa na kitambaa kikavu na selotepu mpya. Tusimwonee, wala tusimpambe. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba anakwenda kutazama tu. Lakini mtu anayekwenda kutazama tu habebi selotepu.

Alipiga magoti, akabandua upande mmoja, akainua. Upande wa juu wa nailoni ulikuwa mkavu, una vumbi kidogo la rangi. Upande wa chini ulikuwa umejaa matone, mamia, madogo na makubwa, yamekaa kwa utulivu kama watu walioingia mkutanoni mapema. Sakafu chini yake ilikuwa imegeuka nyeusi.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Afute, akaushe sakafu, abandike upya, anyunyize maji kidogo juu. Jasho. Dada yake angeuza, angefunga mizigo, kifua kingepona mbele ya dirisha lenye jua. Mkunga angenunua. Angekaa chumba cha nyuma, miezi michache, mwaka labda, kisha naye angeanza kukohoa, na kwa kuwa hakuwa na binti mji mwingine, angekohoa palepale. Wanafunzi wa uuguzi wangehama mmoja mmoja. Na siku moja angemwita fundi aliyesifiwa mtaani kuliko wote aje kumfunikia ukuta, na fundi huyo angekuja na mwiko, angekunywa chai yake, angechora alama ya tano nyuma ya mlango.

Alikwisha kufuta sehemu ya ukubwa wa kiganja alipotupia jicho zile alama nne. Alizitazama kwa hasira, kana kwamba zilichorwa na mtu mwingine, kisha akaketi chini sakafuni, mguu mmoja umekunjwa, kitambaa kimelowa mapajani.

Hivyo ndivyo dada yake alivyomkuta, akiwa na vikombe viwili vya chai.

"Kaka? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Kaa."

"Nikae wapi, chumba hakina hata kigoda?" Kisha akaona nailoni iliyobanduliwa, na matone, na kitambaa. Hakuwa mjinga. Aliweka vikombe dirishani. "Ni maji," alisema pole pole.

"Ni maji."

"Na wewe ulikuwa unayafuta."

"Nilikuwa nayafuta."

Alimweleza yote. Alianza na kiwanda, akaona anazunguka, akarudi kwenye mtaro wa msingi na lile teke la vumbi. Alimwambia nailoni ilikuwa ya nini kabla haijawa ya harusi. Alimwambia maneno matatu ya mume wake. Alimwambia jasho lilikuwa zawadi ambayo marehemu alimpa yeye, na aliipokea na kuificha kama mwizi. Alisema akitazama sakafu, na alipomaliza alisema, "Niliona aibu, mdogo wangu. Hakuna kingine. Niliona aibu mimi, Fundi Lipu, kuambiwa nilijenga nyumba ya dada yangu bila kitu ambacho hata saidia fundi anakijua."

Dada alikuwa ameegemea ukuta. Akakumbuka, akajitenga nao. Alikohoa, akasubiri kikohozi kiishe, na kiliisha taratibu mno.

"Miaka tisa," alisema. "Nimekuwa nikifungua madirisha. Asubuhi na jioni, baridi na joto, nafungua madirisha kulikausha jasho. Mlikuwa mnaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

"Na mwenzio alikuwa ananiona, anashona." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Mlinikinga na mvua ya saa mbili, mkaniachia maji ya maisha. Na mimi nimeitunza nailoni sandukuni, kila Krismasi na kila sikukuu naitoa naianika, naona nina bahati kuliko wanawake wote."

Fundi alikiondoa kitambaa kilicholowa mapajani, akakiweka sakafuni kati yao.

Hodi ilipigwa saa nne kamili. Mkunga aliingia na viatu vyake vya mpira, akaona kaka mtu amekaa sakafuni, dada mtu macho mekundu, chai imepoa dirishani. Alikuwa amezoea kuingia vyumba ambamo watu wamepata habari. Alisimama kando.

"Haya," alisema kwa upole. "Tuna nini? Jasho au maji?"

Fundi alifungua kinywa. Dada yake alimnyooshea kiganja anyamaze.

"Maji," alisema. "Yanatoka chini. Nyumba haina nailoni kwenye msingi. Yamekuwepo tangu kiwanda kifungwe, na kila nyumba upande huu wa barabara inayo, ila hiyo ya kushoto. Ukisikia mtu mwingine akikwambia jasho, mcheke."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa neno maji kutamkwa na mwenye nyumba mbele ya mnunuzi katika mtaa ule, na paa halikuanguka. Mkunga alichuchumaa, akatazama matone, akatazama ile sehemu ya ukubwa wa kiganja iliyofutwa, akamtazama fundi. Fundi hakukwepa macho yake.

"Kuna dawa?" mkunga alimwuliza.

"Ipo. Si ya siku mbili." Alijisikia sauti yake ikirudi, sauti ya kazi. "Unakata kiungo cha chini cha ukuta kwa tindo, urefu wa mkono mmoja tu kwa wakati, unaingiza nailoni, unashindilia saruji, unaacha ishike, unahamia kipande kingine. Kama kung'oa meno ya chini moja moja na kurudisha, mtu asife njaa. Sakafu unaivunja yote. Lipu yangu hii nzuri inatoka yote, inapigwa ya chokaa ili ukuta upumue. Nje unachimba mtaro wa kokoto kuzunguka nyumba. Miezi mitatu, nikiwa na mgongo huu, minne. Nitaifanya mwenyewe. Simdai mtu."

"Nikinunua leo nitakuwa nimenunua kisima chenye paa," alisema mkunga akisimama. "Sinunui." Akauokota mkoba wake. Dada aliinamisha kichwa. Mkunga alikwenda hadi mlangoni, akasita, akageuka. "Lakini nimekwishaona nyumba sita mtaani humu. Sita, dada yangu. Zote nimeambiwa jasho. Miezi mitano mimi bado nipo kazini. Baada ya mvua kubwa nitapita hapa tena, na nailoni yangu mwenyewe." Hakuahidi zaidi ya hapo, akaenda zake.

Walibaki wawili. Mtaani mtu alipita akivuta mkokoteni wa vyuma chakavu, ukapiga kelele hadi ukakata kona.

"Leo unahamia kwangu," alisema fundi. "Wifi yako atakutandikia kitanda. Hulali tena humu hadi nimalize."

"Nitampigia mtoto nimwambie bibi amechelewa," alisema dada. Hakusema kwamba amesamehe, na fundi hakuuliza.

Fundi alichukua tindo na nyundo kwenye mkoba wa kazi aliouacha chumbani tangu Jumatatu. Alianzia nyuma ya mlango, usawa wa alama ya nne, akapiga. Lipu yake bora, iliyonyooka bila kasoro, ilidondoka kama ganda, na nyuma yake matofali yalikuwa meusi, yanang'aa. Alipiga tena. Vipande vilimrukia usoni. Alipita alama ya tatu, ya pili, ya kwanza, mpaka alipofika kwenye kiungo cha mwisho kati ya ukuta na msingi, pale pembamba ambapo kijana fulani alisema hapana haja. Aliweka kidole hapo, kikatoka kimelowa.

Nyuma yake dada alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa amekibandua kile kipande cha nailoni, anakipangusa matone kwa upindo wa gauni lake, upande huu na upande huu, bila haraka. Kisha alilikunjua furushi lote, akakiweka kipande katikati, akaanza kulikunja tena kwa mikunjo yake ya zamani.

"Lete nipime unene wake," alisema fundi, akinyoosha mkono wenye vumbi. "Nikajue ya kununua. Au ngoja, labda yale matundu nikiyaziba..."

Dada yake alifunga utepe, akakaza fundo.

"Kanunue nyingine, kaka," alisema. "Hii ilishafanya kazi yake."